Agizo Ambalo Katibu Hakulitoa: Usalama wa Tovuti za Parokia

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia katika semina ya siku moja, Gongoni, Tabora



Ratiba imeandika "usalama wa tovuti", na tunafahamu kwamba baada ya chakula cha mchana maneno hayo yanatosha kumlaza mtu. Kwa hiyo hatutapita katika hatari zote za mtandao. Tumechagua moja tu, ambayo haizungumzwi sana katika semina zetu, na tumeichagua kwa sababu inagusa heshima ya mtu kabla ya kugusa kompyuta.

Tuseme kuna parokia yenye tovuti. Katika tovuti hiyo upo ukurasa wa kuchangia kisima, na chini ya picha ya kisima ipo namba ya akaunti ya benki. Siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, namba ile inabadilishwa. Hakuna anayegundua. Wafadhili wanaendelea kutuma. Baada ya wiki sita mfadhili mmoja anauliza mbona hajapata stakabadhi yake. Kamati inaitwa, fundi anafungua kumbukumbu, na kumbukumbu zinasema wazi: mabadiliko yalifanywa kwa akaunti ya katibu, kutoka kompyuta ya ofisi, katika saa ambayo kila mtu anajua katibu alikuwa mezani kwake. Katibu anaapa kwamba hakufanya. Ndugu wajumbe, nani kati yetu atamwamini?

Mfano huu ni wa kutunga. Lakini tunataka mtoke hapa mkijua kwamba katibu huyo anaweza kuwa anasema kweli tupu, na kwamba kumbukumbu zile nazo hazisemi uongo. Akaunti ilikuwa yake, kompyuta ilikuwa yake, na agizo lilipita mkononi mwake. Ila hakulitoa yeye.

Wote tunaujua utapeli wa simu. Ujumbe unaingia: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Tapeli wa namna hiyo anakudanganya wewe, na ukishtuka mapema umepona. Hatari tunayoizungumzia leo ni ya namna nyingine. Hapa anayedanganywa ni tovuti yenyewe, na wewe unatumiwa kama njia bila kuulizwa lolote. Mafundi huifupisha kwa herufi CSRF. Kwa lugha yetu tunaweza kuiita kughushi ombi kupitia tovuti nyingine. Ombi hapa si sala. Ni agizo ambalo kompyuta hulipeleka kwenye tovuti, kama vile "badili namba hii" au "ongeza mtumiaji mpya".

Inafanyikaje? Fikirini tarishi wa parokia, mtu mwaminifu, ambaye benki inamfahamu kwa sura na kwa kitambulisho. Kila akifika dirishani anapokelewa, na bahasha aliyobeba inafunguliwa na kutekelezwa. Sasa tarishi huyo akiwa njiani anasimama sokoni, mtu asiyemjua anamtumbukizia bahasha moja ndani ya mfuko wake. Tarishi hasomi bahasha, yeye hubeba. Anafika benki, anatoa kitambulisho chake halali, na bahasha ya yule mgeni inatekelezwa pamoja na zile za paroko.

Tarishi huyo ndiye kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia intaneti, iwe Chrome, Firefox au nyingine. Unapoingia kwenye tovuti kwa jina lako na neno la siri, tovuti humpa kivinjari kipande kidogo cha kumbukumbu kinachoitwa kuki. Hicho ndicho kitambulisho. Kuanzia hapo, kila ombi linalokwenda kwenye tovuti ile hubeba kuki hiyo, na tovuti haikuulizi tena neno la siri. Bila utaratibu huo ungelazimika kujitambulisha kwa kila ukurasa unaoufungua. Shida ni kwamba, kwa jinsi intaneti ilivyojengwa tangu mwanzo, kivinjari kilibeba kuki hata kama ombi lilianzia kwenye ukurasa wa mtu mwingine kabisa. Katibu ameingia kwenye tovuti ya parokia asubuhi. Hajatoka. Anafungua barua pepe, anabofya kiungo cha "habari za mradi wa maji", ukurasa unafunguka na picha nzuri. Ndani ya ukurasa huo imefichwa fomu ambayo hajaiona, nayo inajituma yenyewe kwenda kwenye tovuti ya parokia. Kivinjari kinaweka kitambulisho juu yake na kuipeleka. Imekwisha.

Wenyeji wa hapa hawatashangaa sana. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara katika karne ya 19. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, kisha mingine ikaendelea Ujiji na mingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi, na mpagazi alibeba mzigo kama ulivyofungwa. Aliyeufunga ndiye aliyejua kilichomo.

Angalieni vitu ambavyo mshambuliaji hakuvihitaji. Hakuiba neno la siri. Hakuvunja kompyuta ya ofisi. Kwa hiyo mashauri tuliyozoea kupeana, kwamba neno la siri liwe refu na lisiandikwe ukutani, ni mashauri mema lakini hapa hayasaidii. Hata ule utaratibu wa kutumiwa namba ya uthibitisho kwenye simu wakati wa kuingia hausaidii, kwa sababu katibu alikwisha kuingia.

Wapo watakaouliza kama haya yamewahi kutokea au ni hofu za mafundi. Mwaka 2007 ilionekana kwamba mtu aliyekuwa ameingia kwenye barua pepe yake ya Gmail, akitembelea ukurasa wenye nia mbaya, angeweza kuwekewa kichujio cha siri kinachopeleka nakala za barua zake kwa mtu mwingine. Google walirekebisha. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, William Zeller na Edward Felten, walionyesha kwamba benki ya ING Direct ilikuwa na kasoro ya aina hiyo hiyo, kiasi kwamba fedha za mteja zingeweza kuhamishwa kwa kumfungulisha ukurasa tu. Benki nayo ilirekebisha. Huko Brazil, katika miaka ya 2011 na 2012, wahalifu walitumia kasoro za namna hii kwenye modemu za intaneti za majumbani. Fabio Assolini wa kampuni ya Kaspersky alieleza kwamba modemu zilizoathirika zilifikia milioni 4.5. Watu waliandika anwani ya benki yao kwa usahihi na kupelekwa kwenye benki ya uongo.

Sasa tuje kwetu. Tovuti nyingi za parokia, mashule na vituo vya afya zimejengwa kwa WordPress. Ni programu ya bure, ilianza mwaka 2003, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Ni uchaguzi mzuri, hatuwashauri muihame. Lakini WordPress peke yake ni kama nyumba yenye kuta na paa. Fomu ya mawasiliano, kalenda ya misa, ukurasa wa michango, albamu ya picha: vyote hivyo huongezwa kwa vipande vinavyoitwa programu-jalizi, ambavyo mafundi wengi huviita plagini tu. Zipo makumi elfu, nyingi ni za bure, na zimeandikwa na watu wa kila aina. Yumo kampuni kubwa yenye wafanyakazi, na yumo mwanafunzi aliyeandika kipindi cha likizo kisha akapata kazi nyingine.

WordPress wenyewe waliweka kinga dhidi ya ombi la kughushi tangu mwaka 2006. Turudi kwa tarishi ili tuielewe. Benki inaamua kwamba haitapokea tena karatasi yoyote. Itapokea fomu iliyoitoa yenyewe tu, yenye namba ya pekee iliyoandikwa kwa ajili ya mteja yule, kwa shughuli ile, na inayoisha nguvu baada ya muda. Yule mgeni wa sokoni anaweza kutumbukiza bahasha, lakini hana fomu yenye namba, na hawezi kuikisia. Bahasha yake inatupwa. Kwenye WordPress namba hiyo hudumu kwa muda usiozidi saa 24, na imefungamanishwa na mtumiaji na kazi anayoifanya. Ni kinga nzuri na rahisi. Ila haijiwashi yenyewe. Mwandishi wa kila programu-jalizi lazima aandike mistari miwili: mmoja wa kuiweka namba kwenye fomu, mwingine wa kuikagua fomu inaporudi. Akisahau, hasa ule wa pili, fomu yake inapokea bahasha ya mtu yeyote.

Na wanasahau. Mwaka 2020 pekee unatosha kuwa ushahidi. Mwezi Januari kampuni ya usalama ya Wordfence ilieleza kasoro ya aina hii katika programu-jalizi iitwayo Code Snippets, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 200,000. Sehemu ya kuingiza maandishi ya programu haikukagua namba, kwa hiyo mgeni angeweza kupitia kwa msimamizi na kuingiza maagizo yake ndani ya tovuti. Mwezi Aprili ikafuata Ninja Forms, ya kutengenezea fomu, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni moja. Mwezi huo huo ikaonekana nyingine, Real-Time Find and Replace, kwenye tovuti zaidi ya 100,000. Hii ya mwisho tunaomba muiangalie vizuri. Kazi yake ilikuwa kutafuta maneno fulani katika kurasa na kuonyesha mengine badala yake, bila kugusa ukurasa wenyewe uliohifadhiwa. Mgeni akiweza kumfanya msimamizi abofye kiungo, angeweza kuandika sharti lake: popote panapoonekana neno hili, onyesha hili. Wekeni namba ya akaunti hapo na mtaona kwa nini mfano wetu wa mwanzo hatukuutoa hewani. Katibu angefungua ukurasa wa kuhariri na kuikuta namba ya zamani ipo salama, wakati msomaji wa Ujerumani anaona nyingine.

Kwa haki ya waandishi wale, wote watatu walitoa marekebisho ndani ya siku chache tu, na mmoja ndani ya saa chache. Kwa hiyo hatari kubwa ilibaki kwa tovuti ambazo marekebisho yalitoka na hakuna aliyeyaweka.

OWASP, jumuiya ya kimataifa ya usalama wa programu, iliiweka hatari hii ya tano katika orodha yake ya mwaka 2007, ya nane mwaka 2013, na mwaka 2017 ikaiondoa katika zile kumi za juu, kwa maelezo kwamba mifumo mingi ya kujengea tovuti sasa inakuja na kinga. Mwaka 2020 Chrome nayo ilianza kukataa kubeba kuki katika maombi mengi yanayoanzia tovuti nyingine, isipokuwa tovuti yenyewe imeruhusu. Ni hatua kubwa. Tarishi amefundishwa kuuliza bahasha imetoka wapi. Lakini vivinjari havifanani katika jambo hili, na hata Chrome bado hubeba kuki mtu anapobofya kiungo cha kawaida kinachompeleka kwenye tovuti ile. Programu-jalizi inayobadili mipangilio kwa kiungo tu bado iko wazi. Anayewaambia kwamba tatizo limekwisha anawaharakisha.

Tufanye nini basi? Tunajua kamati nyingi hazina fundi wa kudumu, na hatutaki kuwapa kazi isiyowezekana.

La kwanza, na kwa maoni yetu ndilo kubwa, ni kupunguza. Katika tovuti tunazozitembelea tumekuta programu-jalizi 30 pale ambapo 6 zingetosha. Kuna iliyowekwa kwa ajili ya jubilei ikabaki. Kuna ya kuhesabu wageni ambayo hakuna anayezisoma hesabu zake. Kila moja ni dirisha. Kuizima tu hakutoshi, ifuteni kabisa. Zinazobaki zisasishwe. Tangu toleo la Agosti 2020 WordPress inaweza kusasisha programu-jalizi yenyewe bila kusubiri mtu, mkiiruhusu. Tunashauri muiruhusu, ingawa mara chache ukurasa utavurugika na mtamwita kijana aurekebishe. Afadhali ukurasa uliopinda kuliko michango iliyopotea. Tena mjue kwamba programu-jalizi ikiondolewa kwenye ghala la WordPress kwa sababu ya kasoro, iliyoko kwenye tovuti yenu haiondoki, inaendelea kukaa kimya. Kwa hiyo mtu apite mara moja kila mwezi na kutazama kila moja ilisasishwa lini mara ya mwisho na mwandishi wake. Ikipita miaka miwili bila kuguswa, tafuteni nyingine.

La pili ni mazoea ya mezani. Mkimaliza kazi kwenye tovuti, tokeni. Msifunge dirisha tu. Ukiweka alama ya "nikumbuke" wakati wa kuingia, WordPress inakukumbuka kwa siku 14, na siku hizo zote kitambulisho kimo mfukoni mwa tarishi. Njia rahisi zaidi ambayo tumeona ikifanya kazi ni kutenga kivinjari kimoja, tuseme Firefox, kwa ajili ya tovuti ya parokia peke yake, na barua pepe na mambo mengine yote yafunguliwe kwenye kingine. Kuki za kimoja hazionwi na kingine, kwa hiyo ombi la kughushi likija kupitia barua pepe linafika mikono mitupu. Haigharimu shilingi. Pia, anayeandika matangazo ya Jumapili hahitaji kuwa msimamizi mkuu. Mpeni nafasi ya mhariri, na ile ya msimamizi itumike siku za kusasisha tu. Ombi la kughushi haliwezi kufanya zaidi ya kile ambacho mwenye akaunti anaruhusiwa.

La tatu linahusu fedha. Ukurasa uliochapwa Kipalapala ukishatoka mashineni haubadiliki usiku. Tovuti hubadilika. Kwa hiyo namba ya akaunti isiwe mahali pamoja tu. Iandikwe kwenye barua iliyosainiwa, iandikwe kwenye jarida, na kamati iufungue ukurasa wa michango kila Jumatatu kutoka kwenye simu ya mtu ambaye hajaingia kama msimamizi, alinganishe na karatasi. Ninyi wafadhili, mkiona namba imebadilika, msitume kwanza. Pigeni simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye ukurasa huo huo.

Na ikiwa limetokea? Hapa tunarudi kwa katibu wetu. Kabla hamjamsimamisha, kabla habari haijafika kwenye jumuiya ndogondogo, iombeni kampuni inayohifadhi tovuti yenu iwape kumbukumbu za seva. Ombeni siku hiyo hiyo kwa maandishi, kwa sababu kampuni nyingi hazizihifadhi kwa muda mrefu. Humo mara nyingi huonekana ombi lilianzia ukurasa gani. Likiwa limeanzia kwenye tovuti ya parokia, maswali yanabaki. Likiwa limeanzia kwenye anwani ya ajabu isiyohusiana nanyi, mnayo sababu nzito ya kumwamini mtu wenu. Historia ya kivinjari chake nayo ikaguliwe akiwepo yeye mwenyewe, isifutwe. Tukio liripotiwe polisi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika, na taarifa ipelekwe pia TZ-CERT, kitengo kilichopo chini ya TCRA. Kama kwenye tovuti kulikuwa na fomu zenye majina ya watoto yatima au ya wagonjwa, basi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawabana na ninyi mliozikusanya.

Neno kwa wafadhili, na mtuvumilie. Mmetusaidia kuchimba visima vingi, na wote tulijifunza kwa gharama kwamba pampu bila kamati ya maji, bila vipuri na bila fundi wa kijiji husimama baada ya misimu michache. Leo hakuna anayefadhili pampu bila kuuliza hayo. Lakini tovuti bado zinafadhiliwa kwa mtindo wa zamani: fedha za kujenga, picha ya uzinduzi, kisha basi. Kijana wa kujitolea aliyeijenga anarudi kwao na neno la siri analo yeye. Tunawaomba, katika andiko lijalo, mkiona mstari wa "kujenga tovuti" usiokuwa na mstari wa matunzo ya miaka mitatu chini yake, mturudishie andiko hilo. Kiasi chenyewe si kikubwa. Kinachotakiwa hasa ni siku moja ya mtu mmoja kila mwezi, mwenye jina, anayejulikana na kamati.

Baada ya chai tutahamia chumba cha pili. Kila parokia iliyokuja na kompyuta yake itafungua orodha ya programu-jalizi ilizonazo, na kwa kila moja tutauliza inafanya kazi gani, nani aliiweka, na ilisasishwa lini. Ambao hamkuja na neno la siri la msimamizi, mwandikieni aliyenalo sasa hivi, kabla chai haijamiminwa.